Kwa nini mazabodi ya zamani hukataa prosesa mpya

Msikilizaji, ukipeleka kompyuta ya mtumba kwa fundi Same mjini unaweza kuambiwa: prosesa mpya imeingia vizuri, lakini mashine haiwaki. Mara nyingi kinachogoma ni BIOS, programu ndogo iliyo kwenye chipu ya mazabodi. Yenyewe huamka kabla ya Windows na kuitambua prosesa. Isiyoijua, haiiwashi.

Mwaka 2017 Intel ilitoa prosesa za kizazi cha 8 za kompyuta za mezani. Soketi ilibaki na pini 1151, kama ya kizazi cha 6 na cha 7, lakini kampuni ikataka mazabodi mpya. Mafundi wabishi wakaiongezea BIOS ya zamani taarifa za prosesa hizo, wengine wakaziba baadhi ya pini kwa utepe, na baadhi ya mazabodi za Z170 zikawaka. AMD ilikuwa na huruma zaidi: mwaka 2022 iliruhusu yenyewe Ryzen 5000 kwenye mazabodi za 2017.

Hatari ni umeme. Ukikatika BIOS ikiwa imeandikwa nusu, mashine inaweza kufa kabisa, mpaka fundi mwenye kifaa maalumu aiandike chipu upya. Kwa hiyo, uwe Same mjini au Mamba mlimani, usianze bila UPS. Na nakala ya BIOS ya zamani itangulie kwenye flashi.