Mabua ya maua ya kitunguu saumu

Ni vikonyo vya kijani, vyembamba na vilivyojipinda, vinavyochomoza katikati ya kitunguu saumu cha shingo ngumu. Katika masoko ya wakulima ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, likiwemo la Union Square jijini New York lililoanza 1976, huuzwa hasa mwezi Juni, wiki chache kabla ya vitunguu vyenyewe kung'olewa.

Mkulima hana budi kuyakata mabua haya: bua likiachwa lichanue hunyonya chakula ambacho kingenenepesha kitunguu. Kwa hiyo shamba moja humpa mauzo mara mbili, na fedha ya kwanza huja wakati meza bado ina mboga chache. Hukatwa asubuhi, yakiwa yamejipinda mara moja au mbili na yakivunjika kwa mlio yanapokunjwa. Yakianza kunyooka, huwa na nyuzi ngumu na mnunuzi hatarudi.

Hufungwa kwa mpira katika vifungu na kupangwa wima ndani ya ndoo yenye maji kidogo. Wateja wengi hawayajui, hivyo muuzaji mzuri hueleza mapishi: yakatekate kwenye mayai, yachome juu ya makaa, au yasage na mafuta ya zeituni na jibini. Ladha yake ni ya saumu, ila ni pole zaidi. Nchini China mabua haya ni mboga ya kawaida, hukaangwa na nyama ya nguruwe.

Aina za shingo laini kwa kawaida hazitoi bua. Anayetaka biashara hii apande za shingo ngumu, zinazohitaji majira ya baridi.