Historia ya Dorona, Mzabibu wa Dhahabu wa Lagoni ya Venice

Dorona ni mzabibu mweupe, yaani mzabibu uzaao zabibu zisizo nyekundu wala nyeusi, na makao yake ya asili ni visiwa vya lagoni ya Venice, kaskazini-mashariki mwa Italia. Jina lake limetokana na neno la Kitaliano oro, lenye maana ya dhahabu, kwa kuwa vichala vyake vikiiva huwa na rangi ya manjano yenye kung'aa. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa wazazi wake ni mizabibu miwili ya Italia, Garganega, ambao ndio msingi wa divai ya Soave, na Bermestia Bianca. Mzabibu hauendelezwi kwa kokwa, maana mche uotao kwenye kokwa hautoki sawa na mama yake; huendelezwa kwa pingili, yaani vipande vya matawi vinavyokatwa na kupandwa, hata kila mche ukawa mwili uleule wa mche uliotangulia. Kwa sababu hiyo nasaba ya Dorona ni mnyororo ulioshikwa na mikono ya watu, na mnyororo wa namna hiyo ukikatika hauungiki tena.

Lagoni ni eneo la maji ya bahari yenye kina kifupi, lililotengwa na bahari kuu kwa visiwa vyembamba vya mchanga. Katika visiwa vya Torcello, Mazzorbo na Burano, na hata ndani ya jiji la Venice lenyewe, watawa na wenyeji walilima mboga, matunda na mizabibu katika bustani zilizozungushiwa kuta. Kanisa la San Francesco della Vigna limehifadhi katika jina lake kumbukumbu ya shamba la mizabibu ambalo Marco Ziani, mwana wa Doge, yaani mtawala mkuu wa Jamhuri ya Venice, aliwausia watawa Wafransisko mwaka 1253. Katika ardhi hiyo maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi, na mkulima hana budi kuchimba mifereji ya kuondoa maji ya ziada na kuiacha mizizi itambae karibu na uso wa udongo, kwa sababu chumvi ikizidi mizizi hushindwa kunyonya maji, na mmea hukauka ingawa umesimama kwenye unyevu.

Kilimo hicho kilidhoofika hatua kwa hatua. Jamhuri ya Venice ilianguka mwaka 1797, na mwanzoni mwa karne ya 19 utawala wa Napoleon ulizifunga nyumba nyingi za watawa, ambazo ndizo zilizokuwa zikitunza bustani kubwa. Pigo zito kuliko yote lilikuja tarehe 4 Novemba 1966. Upepo mkali wa kusini-mashariki uliyasukuma maji ya Bahari ya Adria kuingia lagoni na kuyazuia yasitoke wakati wa kupwa, hata yakafikia kimo cha sentimita 194 juu ya kipimo rasmi cha jiji. Chumvi ilibaki udongoni baada ya maji kuondoka, mashamba ya mizabibu ya visiwani yakafa, na Dorona ukahesabiwa na wengi kuwa umepotea.

Hata hivyo mnyororo haukukatika. Mwaka 2002 Gianluca Bisol, mzalishaji wa divai kutoka ukoo wa wakulima wa Valdobbiadene, aliiona mizabibu michache katika bustani ya Torcello, karibu na kanisa la kale la Santa Maria Assunta lililoasisiwa mwaka 639. Msako uliofuata katika bustani za visiwa ulipata mizabibu isiyofika mia moja. Ni haki kusema wazi kuwa waliouokoa Dorona kwanza ni wenyeji waliouacha mzabibu uendelee kusimama nyumbani kwao, bila soko wala sifa.

Pingili za mizabibu hiyo zilipandwa Mazzorbo, kisiwa kilichounganishwa na Burano kwa daraja la mbao, katika ardhi ya jiji iliyozungushiwa ukuta wa kale, ambamo mnara wa kengele wa karne ya 14 umebaki peke yake baada ya kanisa lake kutoweka. Shamba hilo, liitwalo Venissa, halifiki hekta moja, na mavuno yake ya kwanza ya divai yalikuwa ya mwaka 2010. Divai yake hutengenezwa kwa kuyaacha maji ya zabibu yachache pamoja na maganda kwa siku nyingi, tofauti na desturi ya kawaida ya divai nyeupe, na ganda nene la Dorona huipa rangi ya dhahabu iliyokolea. Chupa zake hubandikwa bamba jembamba la dhahabu halisi lililofuliwa kwa nyundo na ukoo wa Berta Battiloro wa Venice, nao pia ni washika ufundi uliokaribia kutoweka.

Hatari haijaondoka. Tarehe 12 Novemba 2019 maji yalipanda tena hadi sentimita 187, na ndipo mwaka uliofuata malango ya MOSE, yaani kingo za chuma zinazoinuliwa kutoka sakafu ya bahari, yalipoanza kutumika kuizuia bahari. Lakini malango hayawezi kushika nafasi ya mkulima. Kila majira ya baridi mizabibu hupogolewa, na matawi yaliyokatwa huanguka chini ya mnara ule wa Mazzorbo. Yakichomwa ni kuni, yakifukiwa udongoni ni kizazi kingine cha Dorona, na uamuzi huo umo mikononi mwa ashikaye kisu.