Ifahamu kesi ya Tulia: Mji uliofungwa kwa neno la askari mmoja

Alfajiri ya Julai 23, 1999, polisi waliingia nyumba kwa nyumba Tulia, mji wa watu kama 5,000 jimboni Texas, Marekani. Watuhumiwa walikuwa 46, karibu 40 kati yao weusi. Kosa? Kuuza kokeini.

Ushahidi ulikuwa upi?

Maneno matupu ya askari kanzu mmoja, Tom Coleman, mzungu. Hakuwa na sauti iliyorekodiwa, video wala shahidi wa pili. Kwenye msako huo hazikupatikana dawa, silaha wala fedha za maana.

Ilikuwaje wakafungwa?

Baraza la mahakama lilimwamini. Mmoja alipigwa miaka 90. Wengine kuona hivyo, wakakiri ili wapunguziwe adhabu, hata kama hawakuuza kitu. Mwanamke mmoja aliponea kwenye karatasi za benki: siku anayodaiwa kuuza, alikuwa Oklahoma.

Kesi iliangukaje?

Mwaka 2003, baada ya mawakili wa haki za weusi kuingilia, jaji alisema Coleman si shahidi wa kuaminika. Wengi wa waliobaki gerezani wakatoka Juni, karibu miaka minne tangu wakamatwe. Agosti, gavana Rick Perry akawasamehe 35. Mwaka uliofuata, jiji la Amarillo lilikubali kulipa fidia ya dola milioni 5.

Na Coleman?

Mwaka 2005 alikutwa na hatia ya kusema uongo chini ya kiapo. Akapewa kifungo cha nje, miaka 10.