Kumfundisha mtoto nyumbani: Mzazi aanzie wapi?

WAZAZI wa Bukoba na Muleba, sawa na wenzao nchini kote, waliachiwa jukumu la kufundisha watoto nyumbani shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kutokana na ugonjwa wa corona. Shule za msingi zilifunguliwa Juni 29 mwaka huo.

Hata hivyo, masomo ya nyumbani hayachukui nafasi ya shule. Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978 inamtaka mzazi kumwandikisha mtoto aliyefikia umri wa elimu ya msingi na kuhakikisha anahudhuria.

Kabla ya umri huo, mzazi aanze mapema. Mtoto aliyezoea Kihaya atajiwe vitu kwa Kiswahili pia, lugha ya kufundishia katika shule nyingi za msingi za Serikali. Ahesabu buni, kisha ajifunze kuandika jina lake.