Mpira wa vyuo vikuu Marekani: namna biashara inavyosukuma washabiki nje ya kiwanja

Kuanzia mwisho wa mwezi wa nane hadi mwezi wa kumi na mbili, kila Jumamosi, siku ya posho, viwanja vya vyuo vikuu vya Marekani vinapokea watu wengi kupita viwanja vya ligi nyingi kubwa za dunia. Kiwanja cha chuo kikuu cha Michigan peke yake kina viti 107,601. Lakini nyuma ya mwaka wa 2008, hesabu ya washabiki wenye kuingia ilianza kushuka. Mwaka ule, mchezo mmoja wa daraja la juu ulikuwa unapata watu zaidi ya 46,000 kwa wastani. Kufika 2018 walibaki 41,856.

Juu ya nini? Tiketi iko bei, saa ya mchezo inapangwa na televisheni, na karibu kila kitu ndani ya kiwanja kimegeuka kitu cha kuuzisha. Haya ni maelezo ya namna mambo yalifika pale.

Ni mchezo gani huu?

Si mpira wa miguu tunaoujua huku kwetu. Ni futiboli ya Kimarekani, yenye kuchezwa na mikono zaidi kuliko miguu: watu 11 kila upande, kofia ngumu kichwani, na mpira wenye umbo la yai. Mchezo wa kwanza kati ya vyuo ulichezwa tarehe 6 mwezi wa 11 mwaka wa 1869, Rutgers na Princeton, katika jimbo la New Jersey. Rutgers walishinda 6 kwa 4.

Wachezaji ni wanafunzi, na ekipi ni ya chuo chenyewe. Mtu akisoma pale, anabaki mshabiki maisha yote, hata kama anahamia mbali. Baba anapeleka watoto, na kiti cha familia kinashikwa miaka na miaka. Mbele ya mchezo watu wanafika na magari yao mapema, wanachoma nyama kwenye parking, wanakunywa, wanaimba nyimbo za chuo. Ni kama sikukuu ya muji muzima. Katika majimbo mengi yasiyo na ekipi ya watu wa mshahara, chuo ndiyo ekipi ya kila mtu, msomi na asiyesoma.

Kwa sisi Wakongomani, kuna mtoto wa kwetu katika historia hii. Tshimanga Biakabutuka, aliyezaliwa Kinshasa na kukomalia Canada, alicheza kwa Michigan. Tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka wa 1995, alikimbia na mpira yadi 313, karibu mita 286, mbele ya adui wao mkubwa, Ohio State. Michigan walishinda 31 kwa 23, na washabiki wa pale wangali wanataja jina lake.

1984: tribinali inafungua mlango

Chama chenye kusimamia michezo ya vyuo kinaitwa NCAA. Kilizaliwa mwaka wa 1906, kisha vijana wengi kufa ao kuumia vibaya uwanjani. Televisheni ilipoingia manyumbani, wakubwa wa NCAA waliogopa: kama watu wanaona mchezo bure nyumbani, nani atanunua tiketi? Hivi mwaka wa 1951 waliweka mipaka. Michezo michache tu ndiyo iliruhusiwa kuonyeshwa, na chuo hakikuwa na haki ya kujiuzishia michezo yake.

Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vilikataa, vikapeleka NCAA tribinali. Mwaka wa 1984 Korti Kuu ya Marekani iliwapa haki, majaji 7 kwa 2. Mmoja wa wale wawili waliokataa alikuwa Byron White, yeye mwenyewe alikuwa mchezaji hodari wa chuo kikuu cha Colorado katika ujana wake. Yeye aliona kwamba mchezo wa wanafunzi haupashwe kuhesabiwa sawa bidhaa ya soko.

Kutoka pale, kila chuo na kila ligi walianza kuuzisha picha zao. Mwaka wa 1990 Notre Dame ilifanya mapatano yake peke yake na televisheni ya NBC. Mwaka wa 2022 ligi yenye kuitwa Big Ten ilipatana na Fox, CBS na NBC kwa miaka saba, kwa dola zaidi ya miliari saba. Sasa feza za televisheni ndizo zinaongoza safari, na feza za mlangoni zinafuata nyuma.

Namna bei ya kiti inavyojengwa

Mtu wa mbali anaweza kuzani kwamba tiketi ni karatasi yenye bei moja. Hapana. Katika vyuo vikubwa, familia yenye kutaka viti vizuri kwa mwaka muzima inalipa kwa hatua.

Kwanza kuna mchango. Mbele ya kuruhusiwa kununua tiketi, unatoa feza kwa mfuko wa michezo wa chuo. Kiti kikiwa karibu na katikati ya kiwanja, mchango unapanda. Kwa karibu miaka 30 serikali ilisaidia mambo haya: asilimia 80 ya mchango huo ilitolewa kwenye hesabu ya kodi, kama vile umesaidia maskini. Sheria ya kodi ya mwisho wa mwaka wa 2017 ilifuta ile faida. Mchango ulibaki, lakini mlipaji hakurudishiwa kitu tena.

Pili kuna tiketi zenyewe, na mara nyingi unalazimishwa kununua michezo yote, hata ile ya ekipi zaifu ambayo kila mtu anajua matokeo mbele. Kisha parking. Kisha chakula na maji ndani, kwa bei ya mtu asiye na mshindani. Wenye kutoka mbali wanaongeza hoteli, na katika miji midogo ya vyuo, hoteli nyingi zinadai ulale usiku mbili kwenye wiki ya mchezo.

Vyuo vingi tena vinabadilisha bei ya tiketi kufuatana na adui: ekipi kubwa ikija, bei inapanda. Kwa mtu wa mshahara wa kawaida mwenye watoto wawili ao watatu, hesabu inakataa. Anabaki kwenye kanape, na televisheni kubwa, na choo bila foleni.

Wanafunzi wa Michigan wanasema hapana

Mfano wenye kujulikana zaidi ni wa Michigan. Tangu mwaka wa 1975, kila mchezo wa pale ulikuwa unapata watu zaidi ya 100,000. Mkuu wa michezo alikuwa Dave Brandon, aliyewahi kuongoza kampuni ya Domino's Pizza. Chini yake, tiketi ya mwanafunzi kwa mwaka ilipanda kufika karibu dola 300, na viti vyao vya zamani vilichukuliwa: mwenye kufika kwanza ndiye anakaa mbele. Hata mito ya kukalia, watu walikatazwa kuingia nayo.

Wanafunzi hawakupiga kelele sana mwanzoni. Waliacha tu kununua. Walikuwa karibu 20,000 mwaka wa 2013, wakashuka chini ya 14,000 mwaka wa 2014. Mwezi wa tisa mwaka ule, habari ilitoka kwamba mtu akinunua chupa mbili za Coca-Cola anapewa tiketi mbili za mchezo. Watu waliokuwa wamelipa bei kamili waliona wamechekwa. Siku chache kisha, mchezaji aliyeumia kichwa aliachwa kuendelea kucheza, na wanafunzi waliandamana hadi mbele ya nyumba ya mkuu wa chuo. Tarehe 31 mwezi wa 10, Brandon aliacha kazi. Mwaka wa 2015 tiketi ya mwanafunzi iliteremushwa kwa dola 175.

Funzo lililobaki ni hili: mwanafunzi si mteja mdogo. Ndiye mwenye kununua kiti cha kesho. Kama anamaliza masomo miaka minne bila kuzoea kwenda kiwanjani, hatakuja kutoa mchango akiwa na miaka arobaini.

Saa ni ya televisheni

Mshabiki mwenye kutoka mbali anahitaji kujua mapema mchezo unaanza saa ngapi. Lakini kwa michezo mingi, televisheni inachagua saa siku 12 tu mbele, na mara zingine siku 6. Mchezo unaweza kuanza saa sita ya mchana ao saa mbili ya usiku. Mwenye kuendesha gari masaa matano na watoto, afanye namna gani?

Ndani ya kiwanja, kuna jambo lingine. Saa ya mchezo ni dakika 60, lakini watu wanakaa pale zaidi ya masaa matatu. Kila mara mchezo unasimama kwa sababu ya matangazo ya biashara. Nyumbani, mtazamaji anaona matangazo. Kiwanjani, watu 80,000 wanaangalia wachezaji wamesimama, katika jua ao baridi, wakingoja mtu mmoja wa televisheni pembeni ya kiwanja atoe alama kwamba mchezo uendelee. Mwaka wa 2023 NCAA ilibadilisha kanuni moja kusudi saa isisimame mara nyingi, lakini matangazo hayakupunguzwa.

Ekipi zinahama, majirani wanapotea

Utamu wa mpira huu ulikuwa ujirani. Ligi zilikusanya vyuo vya upande mmoja wa inchi, na washabiki waliweza kwenda kwa gari kuona ekipi yao ugenini. Feza za televisheni zilivunja ule mpango. UCLA na USC, vyuo vya Los Angeles, vilitangaza mwaka wa 2022 kwamba vinaingia Big Ten, ligi ya upande wa kaskazini na kati. Oregon na Washington walifuata. Ligi ya zamani ya magaribi, Pac-12, ilianguka karibu yote. Tangu mwaka wa 2024, Stanford na California, vyuo vya pembeni ya bahari ya Pacific, vinacheza katika ligi yenye jina la bahari ya Atlantic.

Kwa kuelewa ule umbali: kutoka Los Angeles hadi Rutgers ni karibu kilomita 4,000, zaidi ya mara mbili ya safari ya ndege kutoka Goma hadi Kinshasa. Mshabiki wa kawaida hawezi kufuata ekipi kule. Televisheni inaweza.

Wachezaji walikuwa wapi katika feza hizi?

Kwa miaka mingi, wachezaji walipata masomo, chakula na malazi, si mshahara. Makocha, wao, walitajirika. Mwaka wa 2023 Texas A&M ilimufukuza kocha Jimbo Fisher, na mkataba wake ulidai alipwe zaidi ya dola milioni 75 kwa kutofanya kazi.

Mwaka wa 2021 wachezaji waliruhusiwa kupata feza kwa jina na sura yao. Kisha, tarehe 6 mwezi wa 6 mwaka wa 2025, jaji Claudia Wilken alikubali mapatano yenye kuruhusu vyuo kuwalipa wachezaji wenyewe, kufika karibu dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Ni haki iliyochelewa. Lakini ni nani atalipa? Chuo kikuu cha Tennessee kilikuwa kimetangaza tayari, mwezi wa tisa mwaka wa 2024, kwamba tiketi zitaongezewa asilimia 10 kwa ajili ya wachezaji, juu ya bei yenyewe kupanda. Hivi mshabiki anaulizwa kuchagua kati ya mfuko wake na haki ya kijana mwenye kumufurahisha, wakati mikataba ya makocha na ya televisheni haiguswe.

Katika vyuo vidogo mzigo unaangukia mahali pengine. Vile havina miliari za televisheni. Vinakata feza ya michezo kwenye masomo ya kila mwanafunzi, mara zingine mamia ya dola kwa mwaka, hata kwa yule asiyejua kiwanja kiko wapi.

Vyuo vinajaribu nini?

Wengine wameongeza vinywaji: ligi ya SEC iliruhusu pombe kuuzishwa viwanjani kuanzia mwaka wa 2019. Mwaka ule ule, Alabama ilitoa programu ya simu yenye kuhesabu kama mwanafunzi amebaki hadi robo ya mwisho. Mwenye kubaki anapata pointi za kununua tiketi za michezo mikubwa. Wengine wamepunguza viti vya kawaida na kujenga vyumba vya watu wa feza, vyenye hewa baridi na chakula. Hesabu ya watu inashuka, lakini makuta kwa kila kiti inapanda.

Njia ya kushusha bei inajaribiwa na wachache. Atlanta Falcons, ekipi ya watu wa mshahara, waliteremusha bei ya chakula kiwanjani mwaka wa 2017, soseji ndani ya mkate ikawa dola mbili. Watu walinunua chakula kingi zaidi, na wakaingia kiwanjani mapema.

Si kila mahali watu wamekimbia. Nyuma ya Covid-19 washabiki walirudi kwa nguvu katika vyuo vikubwa. Mwezi wa 12 mwaka wa 2024, mashindano ya mwisho yalipopanuliwa kufika ekipi 12, michezo ya kwanza ilichezwa kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe, na vingi vilijaa katika baridi kali. Watu wangali wanapenda mchezo wao. Lakini wenye kujaza viti vya mbele si wale wa zamani. Kila mwaka bei inachagua upya nani anaingia, na mfanyakazi wa garage, mwalimu wa shule ya msingi na mwanafunzi mwenye deni wanasogezwa nyuma, hatua kwa hatua, hadi mlangoni.