Mkuu wa malalamiko ya afya England: Husikia mengi, hahukumu hata moja

Mgonjwa aliyetendewa visivyo katika hospitali ya England, au jamaa wa marehemu, akipeleka malalamiko yake kwa chombo cha umma kinachosimamia ubora wa huduma za afya nchini humo, hupata jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Huambiwa kuwa maelezo yake yamepokewa na yatatumika, lakini chombo hicho hakitaamua nani mwenye haki na nani mwenye kosa.

Chombo chenyewe ni Tume ya Ubora wa Huduma, ijulikanayo kwa kifupi kama CQC, iliyoanza kazi Aprili Mosi, 2009. Husajili na kukagua hospitali, madaktari wa familia, kliniki za meno na nyumba za kutunzia wazee. Ofisa mwandamizi anayesimamia malalamiko katika chombo cha aina hii si hakimu, ingawa cheo chake humfanya adhaniwe hivyo. Wajibu wake ni kuhakikisha kwamba simu na barua zinazoingia, ambazo CQC huzipokea katika kituo chake cha Newcastle, zinasomwa na mtu ajuaye anachokitafuta, na kwamba habari ya hatari inamfikia mkaguzi mapema.

Haikuwa hivyo tangu awali. Kuanzia mwaka 2004 hadi 2009, tume iliyotangulia, chini ya uenyekiti wa Sir Ian Kennedy, ilipewa kazi ya kuyapitia upya malalamiko ya wale ambao hawakuridhishwa na majibu ya hospitali. Maelfu ya mafaili yaliingia kila mwaka, yakarundikana, na watu wakangoja miezi mingi. Tume hiyo ilipovunjwa, ngazi hiyo ya rufaa ilifutwa pamoja nayo.

Tangu hapo njia imebaki na hatua mbili. Malalamiko hupelekwa kwanza hospitalini penyewe, kwa kawaida ndani ya miezi 12 tangu tukio, na hospitali hutakiwa kukiri kuyapokea ndani ya siku tatu za kazi. Asiyeridhika huenda kwa mchunguzi huru wa malalamiko, ambaye Waingereza humwita Ombudsman, na ambaye hana uhusiano na CQC. Cheo hicho si kigeni kwa Watanzania wa makamo: Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilianza kazi hapa nchini mwaka 1966, mwaka mmoja kabla Uingereza haijampata wa kwake.

Kama CQC haihukumu, malalamiko yaifaie nini? Jibu limo katika yaliyotokea Stafford, katikati ya England. Jamaa wa wagonjwa walikuwa wakilalamika kwamba wazee wao waliachwa wodini bila msaada wa kula, kunywa wala kwenda msalani. Mwaka 2007 Julie Bailey, ambaye mama yake alifariki katika hospitali hiyo, aliwakusanya wenzake wakaanzisha kikundi cha kudai uchunguzi. Takwimu za vifo nazo zilikuwa zikiashiria hatari. Ripoti ya wakaguzi ilitoka Machi 2009. Ile ya uchunguzi wa hadhara ulioongozwa na wakili Robert Francis ilitoka Februari 2013, ikiwa na mapendekezo 290. Francis alionyesha kuwa malalamiko yalikuwapo siku zote, ila hayakupewa uzito, na kila barua ilijibiwa kama jambo la peke yake.

Barua moja yaweza kuwa ya mtu mwenye hasira tu. Barua kumi kutoka wodi ileile, zikitaja kengele isiyoitikiwa usiku, ni ushahidi. Ofisa wa malalamiko ndiye aliyekaa mahali pa kuziona zote kumi kwa pamoja, na akizigawa kwa wasaidizi kumi wasiozungumza, hakuna atakayeona chochote.

Sheria imempa nyenzo. Chini ya kanuni za mwaka 2014, CQC ikidai muhtasari wa malalamiko yote na namna yalivyojibiwa, hospitali haina budi kuutoa ndani ya siku 28. Hospitali isiyo na malalamiko kabisa nayo hustahili kutiliwa shaka, kwani huenda watu wake wanaogopa. Uchunguzi ulioongozwa na Mbunge Ann Clwyd na Profesa Tricia Hart mwaka 2013 ulipokea maelezo ya watu zaidi ya 2,500, na miongoni mwao walikuwamo waliokaa kimya kwa hofu kwamba mgonjwa wao angelipiziwa kisasi.

Lipo eneo moja ambalo CQC huchunguza malalamiko yenyewe: ya wagonjwa wa akili wanaozuiliwa kwa Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983, kuhusu namna mamlaka ya sheria hiyo yalivyotumika kwao.

CQC nayo hulalamikiwa, na mwaka 2024 ripoti ya Dk. Penny Dash ilibainisha kasoro kubwa katika utendaji wake. Hapo utaratibu hugeuka. Anayeishitaki hospitali ya umma kwa Ombudsman hujipelekea mwenyewe. Anayeilalamikia CQC hutakiwa kupitia kwa Mbunge wake.