Kituo cha Anga cha Tunguu, 1960–1964

Apitaye leo katika mitaa ya Gerezani na kuinua macho huona madishi yaliyofungwa juu ya mapaa, yote yameelekezwa mbinguni, yakingoja sauti na picha kutoka kwenye chombo kisichoonekana kwa jicho. Mambo hayo yamekuwa ya kila siku, hata hakuna ayastaajabiaye. Lakini ng'ambo ya mkono huu wa bahari, Tunguu katika kisiwa cha Unguja, kazi ya namna hiyo ilifanywa zaidi ya miaka sitini iliyopita, nayo haikupokelewa kwa utulivu hata kidogo.

Asili yake ni Marekani. Warusi waliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, Wamarekani walishtuka, na baada ya mabishano serikali yao ikaamua kwamba safari za anga zisiachwe mikononi mwa majeshi peke yake. Rais Eisenhower alitia sahihi sheria mwezi wa Julai 1958, na tarehe 1 Oktoba mwaka ule shirika jipya la kiraia, lijulikanalo kwa herufi za NASA, likaanza kazi. Lilipewa utafiti wa amani, nayo matokeo ya kazi yake yatangazwe. Mambo ya vita yakabaki kwa wanajeshi. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika sheria, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuja kuleta maneno Unguja.

Kazi kubwa ya kwanza ya shirika hilo iliitwa Mercury: kumpeleka mtu angani, kumzungusha dunia, na kumrudisha mzima. Chombo chake kilikwenda kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, kikamaliza mzunguko mmoja kwa muda usiotimia saa moja na nusu. Kwa kuwa hakikupaa mbali sana na ardhi, mtu aliye mahali pamoja aliweza kukisikia kwa dakika chache tu kabla hakijazama nyuma ya upeo wa macho. Basi ilibidi vituo vipangwe kuizunguka dunia kama watu wapokezanao ndoo za maji wakati wa moto: Bermuda, Visiwa vya Kanari, Kano katika Nijeria, Unguja, meli moja katika Bahari ya Hindi, Australia, visiwa vya Pasifiki, hata Marekani tena. Vituo vyote, pamoja na meli mbili, vilikuwa 18. Ukimtoa Unguja katika safu hiyo, msafiri angevuka sehemu ya Afrika ya Mashariki bila ya mtu wa kusema naye.

Kituo cha Tunguu hakikurusha kitu chochote. Hata rada hakikuwa nayo. Kilikuwa na antena za kupokea vipimo vya chombo na vya mwili wa msafiri, na redio ya kuzungumza naye. Msafiri wa kwanza mwenye uhai aliyepita katika mzunguko huo alikuwa sokwe, jina lake Enos, mwezi wa Novemba 1961. Kisha tarehe 20 Februari 1962 akapita John Glenn, aliyezunguka dunia mara tatu. Alipokuwa katika eneo la Unguja alivuta kamba ya mpira iliyowekwa kwa ajili ya mazoezi, na mapigo ya moyo wake yakapanda kutoka 80 hata 124 kwa muda wa nusu dakika, kisha yakashuka. Nia ilikuwa kujua kama moyo wa binadamu hufanya kazi yake kama kawaida huko ambako mwili hauna uzito, swali ambalo wakati ule halikuwa na jibu la hakika. Mei 1963 alipita Gordon Cooper, naye akiwa karibu na Zanzibar alitoa salamu kwa Afrika na kuwatakia heri viongozi waliokuwa wakikutanika Addis Ababa, katika mkutano uliozaa Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Salamu zilikuwa njema. Lakini mkataba wa kituo ulikuwa umefungwa Oktoba 1960 baina ya serikali ya Uingereza na ya Marekani, kwa kuwa Zanzibar ilikuwa bado nchi ya himaya. Wenye nchi walikuja kuambiwa. Chama cha Hizbu, ambacho Abdulrahman Babu alikuwa katibu wake mkuu, kilikipinga kituo na kudai kuwa ni kambi ya roketi. Neno lenyewe lilisaidia fitina. Kwa Kiswahili roketi ni chombo cha msafiri, na roketi ni silaha; msikilizaji hapewi alama ya kumwonyesha ni ipi inayotajwa.

Wengine wamewacheka wapinzani wale kuwa ni wajinga wa sayansi. Kicheko hicho si cha haki. Atlas, roketi iliyompandisha Glenn, iliundwa kwanza iwe ya kubeba bomu la nyuklia. Glenn mwenyewe na wenzake watatu waliomfuata katika mizunguko ya Mercury walikuwa wote maofisa wa majeshi. Mtu wa Unguja aliyeambiwa kwamba jambo hili ni la raia alikuwa na sababu ya kuuliza uraia wake uko wapi. Alikosea juu ya kilichokuwamo Tunguu. Hakukosea kuuliza nani amekiruhusu. Swali la kwanza lilijibiwa kwa maelezo mengi. La pili halikuweza kujibiwa vizuri, kwa kuwa jibu lake lilikuwa London.

Wamarekani nao walirudisha ubalozi wao mdogo Unguja mwaka 1961, ingawa walikuwa wameufunga tangu 1915, na sababu kubwa ya kurudi ilikuwa kituo hicho. Haukupita muda. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na siku ya pili yake manowari iitwayo Manley ikawachukua Wamarekani, wakiwamo watu wa kituoni. Mwezi wa Aprili serikali ya Karume ikaagiza kituo kiondolewe, nacho kikafunguliwa vipande na kuchukuliwa. Mwezi huohuo ndio Tanganyika na Zanzibar zilipoungana. Safari za Gemini zilipoanza kuchukua watu, Machi 1965, upande huu wa bahari walisikilizwa kutoka Tananarive, Madagaska. Na kituo hicho nacho kilifungwa mwaka 1975, baada ya serikali ya huko kubadilika.

Hata hivyo Waswahili hawakutoka katika habari za anga kwa njia hiyo. Waitalia walikuwa wamesimamisha jukwaa la kurushia roketi baharini karibu na Malindi, liitwalo San Marco, kwa makubaliano na Kenya. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Kenya kutimiza miaka saba ya uhuru, kilirushwa chombo cha NASA cha kwanza duniani kilichotengenezwa mahsusi kupima miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Wamarekani walikiita kwa neno la Kiswahili, Uhuru, na kwa jina hilo nyota kadhaa zilizogunduliwa nacho zimeandikwa katika orodha za wanajimu mpaka leo.